Istilahi za hadithi fupi: anza na anayesimulia, dhamira iache mwisho

Kila likizo ya Desemba mpwa wangu wa kidato cha tatu huja Moshi na daftari lake la Kiswahili. Ukurasa wa kwanza wa fasihi kachora mti. Tawi moja limeandikwa FANI, yaani jinsi kazi inavyosimuliwa, jingine MAUDHUI, yaani inachosema, na kila tawi lina matunda yake: huku muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kule dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Mti mzuri, anaujua kwa kichwa hadi rangi za kalamu. Sasa mpe hadithi ya ukurasa mmoja ambayo hajawahi kufundishwa. Anakutazama kama umemkabidhi usukani wa lori.

Simcheki. Nami nikiwa kidato cha nne niliwahi kuandika dhamira tano za hadithi ambayo sikuwa nimeisoma. Rushwa, mapenzi, malezi, nafasi ya mwanamke, umaskini, nani angebisha? Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu toka juu hadi chini, pembeni akaandika neno moja: "Wapi?" Hakuongeza kitu. Neno hilo ndilo ninalomfundishia mpwa wangu hadi leo. Kila istilahi utakayoitaja, mtu aulize "wapi?", nawe uweke kidole kwenye mstari.

Mwongozo huu unafuata hadithi moja tu, mwanzo hadi mwisho. Nimeiandika mwenyewe kwa ajili ya zoezi, kwa hiyo usiende kuitafuta dukani.

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, kalamu ikiwa chini

Mara ya kwanza soma kama mtu anayesikiliza umbea. Mara ya pili soma polepole, ukijua kinachokuja. Usiandike chochote bado.

*Mpaka*

*Elia alishuka Marangu Mtoni jioni ya tarehe 23 Desemba, akaanza kupandisha kwa miguu, kiroba cha mchele begani. Miaka sita hakuja kuhesabiwa. Njiani alichuma jani la sale, akalitia mfukoni.*

*Mara ya mwisho walikuwa wamesimama mpakani, yeye na kaka yake Aminieli, kila mmoja na panga lake. "Ile migomba mitatu ya chini ni yangu," Elia alisema. "Baba alinionyesha kwa kidole chake." Aminieli hakujibu. Aling'oa masale ya mpaka, moja baada ya jingine, akayatupa mfongoni. Maji yakayachukua. Asubuhi yake Elia alipanda basi.*

*Alipofika kihambani giza lilikuwa limeingia na mfongo umenyamaza. Shemeji yake ndiye aliyemwona kwanza, akaita ndani. Aminieli akatoka na tochi. Hakusalimu. Alimmulika usoni, akamulika kiroba, kisha akaigeuza tochi kule chini, kwenye mpaka. Palikuwa na barabara, pana, nyekundu, na mtaro kila upande.*

*"Greda lilipita Machi," alisema. "Ile mitatu yako, na minne yangu."*

*Elia aliingiza mkono mfukoni. Jani lilikuwa limekunjamana.*

*"Ingia," Aminieli alisema. "Mtori unapoa."*

Kwa wasiotoka mlimani Kilimanjaro: kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa pamoja, na nyumba ndani yake. Mfongo ni mfereji unaoteremsha maji kutoka juu. Mtori ni supu nzito ya ndizi. "Kwenda kuhesabiwa" ni utani wa kila mwaka kwa Wachaga wanaopanda nyumbani Krismasi. Masale tutayafikia.

Hatua ya pili: nani anakusimulia?

Walimu wengi huanza na dhamira kwa sababu mtihani huiuliza sana. Mimi naanza na msimulizi, kwa sababu bila yeye hujui kingine umekipataje.

Swali la kwanza ni jepesi: nafsi gani? "Elia alishuka" ni nafsi ya tatu. Ingekuwa "nilishuka" tungesema nafsi ya kwanza. Wanafunzi wengi huishia hapo, wanaandika "mwandishi ametumia nafsi ya tatu", wanahesabu alama. Lakini swali zuri ni la pili: msimulizi huyu anajua nini, na hajui nini?

Rudi kwenye hadithi. Msimulizi anajua kilichomo mfukoni mwa Elia. Anajua alichokiona miaka sita nyuma. Je, anajua Aminieli anafikiri nini? Tafuta. Hakuna hata mstari mmoja. Aminieli tunamwona kwa nje tu: hakujibu, aling'oa, alimmulika, alisema. Kwa hiyo hii ni nafsi ya tatu, lakini imekaa begani mwa Elia kama kile kiroba. Yule msimulizi mwingine, anayeingia kichwani mwa kila mtu na kujua ya jana na ya kesho, vitabu humwita msimulizi maizi. Huyu wetu si maizi.

Hapo nilimpa mpwa wangu kazi: andika hadithi hii upya, msimulizi awe Aminieli. Alianza vizuri. "Nilikuwa nakula mtori, mke wangu akaniita..." Akaendelea sentensi nne, akasimama. "Mjomba, haiwezekani." Kwa nini? "Aminieli anajua barabara ilishapita. Nikianza kwake, siri imeisha." Akajaribu kumfanya Aminieli anyamaze kuhusu barabara mpaka mwisho, ikawa kama mtu anayekuficha makusudi kitu kilicho mezani. Akafuta.

Dakika ishirini hizo zilimfundisha mtazamo wa usimulizi kuliko daftari zima. Kama una muda wa zoezi moja tu katika mwongozo huu, fanya hilo.

Na jambo moja ambalo hukosewa hata na watu wazima: msimulizi si mwandishi. Mimi sijawahi kugombea mpaka na mtu, na kaka sina. Mhusika akisema "nilimpiga", usiandike kwamba mwandishi alimpiga.

Hatua ya tatu: matukio yamepangwaje?

Weka matukio kwenye mstari kwa jinsi yalivyotokea kweli: baba anaonyesha migomba kwa kidole, ugomvi, masale yanatupwa, Elia anaondoka, greda linapita, Elia anarudi. Sasa yaweke kwa jinsi hadithi inavyokupa: Elia anarudi, ugomvi, kidole cha baba, masale, kuondoka, kufika, greda. Mistari hiyo miwili haifanani, na tofauti yake ndiyo muundo.

Hadithi ingeanza kwa baba na kushuka hadi mtori, tungeiita ya moja kwa moja, ambayo vitabu vingine huiita msago. Hii inarudi nyuma katika aya ya pili, kwa hiyo ina urejeshi. Ukiokota vitabu vinavyovuka mpaka wa Holili kutoka Kenya, jambo hilohilo utakuta linaitwa mbinu rejeshi au kisengere nyuma, na mpangilio mzima wa matukio unaitwa msuko au ploti. Usiogope ukadhani umefundishwa vibaya. Chagua jina linalotumika darasani kwako, ulishikilie.

Mhakiki wa Uingereza, E. M. Forster, katika mihadhara yake ya Cambridge iliyochapishwa mwaka 1927, alitoa mfano ambao bado haujachuja. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa: hiyo ni hadithi tu. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa kwa majonzi: huo ni msuko. Kilichoongezeka ni sababu. Kwetu hapa, Elia alipanda basi *kwa sababu* masale yalitupwa. Ukikuta unaandika "kisha, kisha, kisha", unasimulia hadithi upya, na msahihishaji keshaisoma.

Taharuki nayo imo humu. Ni ile hali ya msomaji kutaka kujua mbele kuna nini. Wapi? Pale Aminieli "hakusalimu", akamulika uso, akamulika kiroba. Na huyu tulishamwona na panga.

Hatua ya nne: wahusika

Mkuu ni nani? Usihesabu nani katajwa mara nyingi. Uliza ni nani ambaye ukimwondoa hadithi inakufa. Shemeji ukimwondoa, Elia atabisha hodi mwenyewe. Ni mhusika mdogo, ana kazi yake ndogo, basi.

Bapa na duara ni maneno tunayotumia kila siku bila kujua yalikotoka. Yametoka kwa Forster huyohuyo, katika mihadhara ileile. Bapa ni mhusika wa sifa moja, asiyebadilika: mlevi ni mlevi tangu mwanzo hadi mwisho. Duara hubadilika, anakushangaza, nawe unamwamini. Walimu wengi huongeza wa tatu, shinda, anayekaa katikati na kuwasindikiza wengine.

Elia ni duara? Alikuja na panga mara ya kwanza, mara ya pili kaja na jani. Wapi? Aya ya pili na aya ya kwanza. Umepata. Aminieli je? Hapa mimi na mpwa wangu hatukuelewana. Yeye alisema bapa, kwa sababu "tangu mwanzo ni mtu asiyeongea". Mimi naona anayesema "na minne yangu" si yule aliyetupa masale. Kumbe wote wawili tungepata alama, maana kila mmoja ameonyesha mstari wake.

Hatua ya tano: mandhari

"Mandhari ya hadithi hii ni kijijini Marangu." Ndiyo, na mandhari ya samaki ni majini. Endelea. Mandhari ni mahali, wakati na hali, na swali lake ni hili: ukiihamisha hadithi, nini kitavunjika?

Ipeleke Arusha mjini, kwenye nyumba ya kupanga. Mpaka hakuna, mfongo hakuna, kaburi la babu halipo bustanini. Iache Marangu lakini iwe mwezi wa tano. Elia atakuja kufanya nini mwezi wa tano? Desemba ndiyo inayomrudisha, kwa sababu Desemba kila mtu hupanda, na asiyepanda huulizwa. Tarehe 23 haikuwekwa kujaza nafasi: kesho yake ni mkesha wa Krismasi, na mtu hataki kuulizwa mwaka wa saba.

Hatua ya sita: lugha

Hapa ndipo daftari hujaa na kichwa hubaki kitupu. Tamathali ni nyingi, nami sitazipitia zote. Tashbiha hulinganisha kwa kiungo, kama, mithili ya, mfano wa. Sitiari hulinganisha bila kiungo: "Aminieli ni jiwe". Mubaalagha hutia chumvi, tafsida hulainisha neno kali. Hizo utaziokota.

Tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu tabia ya mtu, na watu wa huku walikuwa nayo kabla ya shule. Bibi zetu walisimulia habari za Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, jinsi Mawenzi alivyokuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, mara leo, mara kesho, hadi Kibo akachoka akampiga. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka vile hadi leo. Milima inaombana moto na kupigana. Kwenye hadithi yetu tashihisi ni ndogo: "mfongo umenyamaza". Maji hayana mdomo. Lakini usiishie kutaja. Mfongo huohuo ndio uliochukua masale siku ya ugomvi, ukitiririka. Leo umenyamaza, kama wale ndugu wawili. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye alama.

Sasa masale. Kwa Wachaga sale hupandwa mpakani, likasimama badala ya ukuta na hati. Na mtu aliyekosa akimwendea mwenzake na jani la sale, anaomba msamaha, na ni vigumu sana kulikataa. Mmea mmoja, kazi mbili: unatenga na unapatanisha. Katika hadithi umefanya zote. Aminieli aling'oa la kutenga, Elia kaja na la kupatanisha. Hiyo tunaiita ishara.

Tofauti ya ishara na sitiari huwachanganya wengi, na mimi naipima hivi: je, kitu hicho kipo kweli ndani ya hadithi, unaweza kukishika? Aminieli si jiwe kweli, ni namna ya kusema. Hiyo ni sitiari. Jani la sale limo mfukoni, limekunjamana, ungeweza kulishika. Na bado linabeba maana zaidi ya jani. Hiyo ni ishara. Ila usiwe mwindaji. Kuna mwanafunzi aliniambia mchele ni ishara ya umaskini wa mjini. Nikamwuliza wapi. Wakati mwingine mchele ni mchele.

Hatua ya saba: mgogoro, na kinaya chake

Mgogoro ni mvutano. Uliza: nani anataka nini, na nani au nini kinamzuia? Mgogoro wa nje ni wa Elia na Aminieli juu ya migomba. Wa ndani ni wa Elia na nafsi yake: miaka sita ya kutokuja, kisha kuchuma jani na kulificha mfukoni badala ya kulishika mkononi.

Mpwa wangu aliandika na wa tatu, "mgogoro kati ya wananchi na serikali kuhusu barabara". Wapi? Hakuna aliyelilalamikia greda. Aminieli anataja idadi ya migomba, anahamia kwenye mtori. Tukaufuta, kwa shingo upande.

Kinaya ni pale matokeo yanapokwenda kinyume na yale yaliyotarajiwa, na mara nyingi yanauma kwa sababu ya kinyume hicho. Ndugu wamenuniana miaka sita kwa migomba mitatu, na migomba yenyewe imeliwa na greda. Ajali peke yake si kinaya. Greda kubomoa nyumba ya jirani asiyehusika ni msiba. Na usichanganye na kejeli, ambayo ni maneno ya kumkebehi mtu, wala na sadfa, ambayo ni mambo kukutana bila mpango. Elia na Aminieli wangegongana stendi ya Moshi kwenye foleni ya maji, hiyo ingekuwa sadfa. Hapa hakuna sadfa, na "hakuna" ni jibu halali.

Hatua ya nane: sasa dhamira

Sasa unayo mikononi masale, tochi, barabara, kiroba. Dhamira haitungwi tena, inaokotwa. Ni jambo linalozungumziwa, na hutajwa kwa jina: ugomvi wa ardhi kati ya ndugu, upatanisho. Ujumbe ni kile ambacho hadithi inasema kuhusu jambo hilo, na lazima uwe sentensi yenye kitenzi: ndugu wanaweza kupotezana kwa kitu ambacho hakitadumu. Kipimo changu ni hicho tu. Ukiweza kuliandika kwa maneno machache bila kitenzi, ni dhamira. Likikulazimisha kutumia kitenzi, ni ujumbe.

Onyo kwa wanaosoma vitabu vya Kenya: huko mara nyingi mambo yanayozungumziwa huitwa maudhui, na dhamira ikawa kusudi la mwandishi. Kwetu maudhui ni lile tawi zima.

Falsafa na msimamo wa mwandishi nakushauri usivitafute katika hadithi moja ya ukurasa mmoja, isipokuwa swali limekulazimisha. Falsafa ya mtu huonekana ukisoma kazi zake kadhaa.

Hatua ya tisa: kuandika jibu

Hoja, kisha tukio, kisha kazi ya tukio hilo. Nitaweka majibu mawili ya swali moja, "Onyesha mwandishi alivyotumia ishara." La kwanza ni la mpwa wangu siku ya Jumatatu:

*Mwandishi ametumia ishara kama vile masale, barabara na mchele. Hii imesaidia kufikisha ujumbe kwa jamii.*

La pili ni lake pia, siku ya Alhamisi, baada ya kulalamika sana:

*Sale limetumika kama ishara ya mpaka na ya msamaha. Katika ugomvi, Aminieli anang'oa masale na kuyatupa mfongoni, kuonyesha kwamba amekata udugu pamoja na mpaka. Miaka sita baadaye Elia anachuma jani la sale njiani kabla ya kufika, kuonyesha kwamba anakuja kuomba radhi. Jani linakunjamana mfukoni bila kutolewa, jambo linaloonyesha ugumu wa kuomba radhi hata mtu akiwa amefika mlangoni.*

Halina neno gumu hata moja. Ukiuliza "wapi?" kila sentensi inakujibu.

Ila dada yangu, aliyekuwa anamenya ndizi muda wote huo bila kusema kitu, alilisikia likisomwa akadai tumekosea. Elia hakuhitaji kulitoa lile jani, alisema. Aminieli alishajua tangu alipomulika kiroba, na ndiyo maana akamwita kwenye mtori. Mpwa wangu akamgeukia mama yake: "Wapi?" Akanyang'anywa daftari, akapewa kisu na ndizi zilizobaki.